Ndugu Wawili Mezani kwa Euphrasie

Kwa Euphrasie M'Zihindula hapakuwa na chungu wala kifuniko. Palikuwa na jiko refu la matofali, wazi pande zote, linalowaka kuni za mikaratusi, na juu yake wavu wa chuma ambao fundi mmoja wa magari aliuunganisha kwa vyuma vya lori bovu. Mbuzi alining'inia kwenye ndoano mbele ya macho ya kila mtu. Mteja alikuja, akanyoosha kidole: nikatie hapa kwenye paja, au hapa kwenye mbavu. Polycarpe, mwanamume mwenye ndevu za mvi aliyepasua kuni na kukata nyama, alikata palepale. Euphrasie alitia chumvi palepale. Nyama ikaenda motoni, na mteja akaitazama mpaka mwisho kama alitaka. Wengi walitaka. Kabla sahani haijafika mezani, Euphrasie alikata kipande kidogo, akakitafuna mbele ya wenyewe, akakimeza. Chupa za bia nazo zilifunguliwa mbele ya mnywaji.

Mtu wa Bukavu hakuhitaji kuelezwa sababu. Miaka ile ya Zaïre, kama miaka ya kabla yake, watu waliogopa karuho, sumu ambayo husemwa inatiwa katika bia au chakula na mtu unayemfahamu, nayo inakula tumbo polepole mpaka umebaki mifupa. Hakuna aliyeiona kwa macho, lakini kila ukoo ulikuwa na maiti wake. Kwa hiyo watu waliokosana, wakwe waliochunguzana, hata majirani wenye kesi ya mpaka, walipotaka kuongea bila kuingia nyumbani kwa mwenzao, walipanda njia ya udongo juu ya soko la Kadutu, wakakaa kwenye mabenchi ya Euphrasie, wakala.

Ijumaa moja mchana alikuja Agathe, mwalimu wa shule ya msingi, vidole vikiwa bado na vumbi la chaki. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Hakukaa.

"Maman Euphrasie, jumapili, kisha misa, nitakuletea bandugu yangu bawili."

"Karibu yenu. Bandugu gani?"

"Yaya Donatien wa Bagira. Na Grégoire."

Euphrasie aliweka kisu chini. Habari ya wanaume hao wawili aliisikia kama wengine wote. Baba wa wote watatu, Agathe na hao wawili, alipokufa aliacha kiwanja Bagira, nyumba na miti ya parachichi. Donatien, mkubwa, ambaye wadogo zake walimwita yaya, yaani kaka, fundi seremala, alikuwa akiishi mle na mzee na akabaki mle. Grégoire, mdogo wake, mtu wa ofisi mjini, mvaa abakosti, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, iliyopigwa pasi, alidai sehemu yake. Waligombana, wakapatanishwa, wakanywa bia ya upatanisho nyumbani kwa Grégoire. Juma lile lile Donatien akaanza kutapika. Alikonda akawa kama mti wa fagio. Mganga mmoja wa Kabare alimpa mizizi, akapona polepole, lakini akiwa kitandani alikuwa amesema neno moja mbele ya watu: "Ni bia ya Grégoire." Tangu siku ile hawakunywa tena hata maji pamoja.

"Sasa Constance, binti ya Grégoire, amepata bwana," Agathe aliendelea. "Jamaa ya kijana banatoka Kabare, batu ya desturi. Banasema habataleta ng'ombe kwenye nyumba baba mukubwa hakae. Na baba mukubwa njo Donatien. Kwa Grégoire hakanyage. Kwa Donatien, Grégoire anaogopa. Kwangu, kila mutu anasema niko upande ya mwenzake. Ni kwako tu bote bamekubali."

"Na kama kitu inatokea?"

"Kitu gani itatokea? Si unachoma mbele yao?"

Euphrasie alichukua tena kisu, akakifuta. Alizaliwa Walungu, akaolewa na Barthélemy, dereva wa lori la njia ya Kamituga. Siku moja Barthélemy alirudi kutoka safari na homa, na kabla ya soko lililofuata alikuwa amekufa. Hawakuwa na mtoto. Matanga hayajaisha, Euphrasie aliinuka kuwapakulia wageni, na mama mkwe wake akamtoa sahani mikononi mbele ya waombolezaji wote, akasema kwa upole kabisa: "Wewe usiguse chakula ya batu."  Hakukuwa na haja ya kutaja karuho. Euphrasie aliondoka Walungu na nguo zake, akaja Kadutu, akaanza kuchoma ndizi na mahindi kando ya njia, mahali mpita njia anapoona moto, anaona mkono, anaona kila kitu. Kutoka ndizi akafika kwenye mbuzi. Ila woga haukumtoka. Kila sahani aliyoionja ilikuwa kana kwamba anawajibu wale waombolezaji.

Kuwakalisha Donatien na Grégoire kwenye meza yake ilikuwa ni kumkaribisha nyoka kwenye mkeka. Lakini mtu wa jiko akikataa wageni, kesho watu watauliza anaogopa nini. Akamwambia Agathe, "Bakuje."

Jumapili asubuhi mvua ilinyesha, na njia ya udongo ikawa ya kuteleza. Ilipokatika, moshi wa mikaratusi ulikuwa mzito, umetanda juu ya mabati. Donatien alifika wa kwanza, peke yake, viatu mkononi. Alikuwa bado amekonda. Koti lilimkalia mabegani kama limetundikwa. Alichagua benchi lililoegemea ukuta, akakaa pale anapoona jiko na njia kwa pamoja.

"Jambo, Papa Donatien," Euphrasie alimwambia.

"Jambo, maman. Ile mbuzi imechinjwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Polycarpe njo alichinja, batu banaona."

"Batu gani?"

Euphrasie alimtajia majirani. Donatien akaitikia kwa kichwa, kama hakimu.

Grégoire alikuja na Agathe. Abakosti yake ilikuwa ya kijivu, na matone ya tope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Alisimama mbele ya kaka yake, mkono umeanza kunyooka, ukarudi. "Yaya," alisema. Donatien alisema, "Kaa." Agathe akakaa katikati.

Mabenchi mengine yalikuwa na watu, wengi wametoka misa na nguo zao nzuri. Kwenye meza ya jirani alikaa sajenti mmoja, mwanajeshi aliyekuwa likizo lakini hakuvua sare wala bastola, pamoja na mwanamke wake. Watu wa pale walimjua na kumpisha. Maneno ya meza ya ndugu wawili yalipoanza kusikika, hata yeye alipunguza sauti.

Waliitwa kuchagua nyama. Grégoire alinyoosha kidole kwenye mbavu, Donatien kwenye paja. Agathe alisema, "Kipande kimoja. Tumekuja kula sahani moja ao hatukukuja." Wakachukua paja. Polycarpe alikata. Euphrasie alipochukua chumvi, Donatien alimwambia, "Lamba kwanza." Alilamba. Polycarpe aliguna, na Euphrasie akamtazama ili anyamaze.

Nyama ilichukua muda wake. Mafuta yalidondoka, moto ukaruka, ukatulia.  Chupa mbili za bia ya Primus zililetwa zikafunguliwa mbele yao, moja kwa kila mmoja. Donatien aliziangalia, akachukua ile ya Grégoire, akamsogezea yake.

"Wewe kunywa hii. Mimi nitakunywa ile."

Grégoire alishika chupa aliyopewa, akanywa mpaka povu likamtoka pembeni mwa mdomo, akaiweka chini kwa nguvu. "Umeona? Bado niko muzima."

"Yaya, mudogo, muache hivi," Agathe alisema.

Euphrasie alileta sinia: nyama imekatwakatwa na mifupa yake, ndizi za kuchoma, pilipili pembeni. Alikata kipande chake, akala. Donatien alinyoosha kidole upande wa pili wa sinia. "Na hapa." Euphrasie akala na hapo. Alihisi macho ya mabenchi yote yakimtazama koo likishuka. Kisha akarudi kwenye jiko, lakini hakuwapa mgongo.

Walikula. Agathe alijaribu kuzungumzia Constance: jinsi kijana alivyo na kazi nzuri, jinsi mama yake kijana alivyo na heshima. Grégoire alikula kidogo. Donatien alikula haraka, akitupia vipande kinywani kama mtu anayetaka kumaliza adhabu na kwenda zake.

"Yaya," Grégoire alisema. "Uniangalie."

"Niko nakula. Si mulitaka nikule? Njo niko nakula."

"Mimi sikukutilia kitu kwenye bia."

Donatien alichukua kipande kingine, chenye mfupa, akakitia kinywani.

"Bana yangu banaitwa bana ya mulozi kwenye masomo," Grégoire aliendelea, sauti ikipanda. "Bibi yangu, hakuna mutu anakunywa maji kwake. Constance atakosa bwana juu ya mudomo yako. Unaniua polepole, Donatien, na hauna hata haya."

Donatien aliinuka kumjibu, kinywa kimejaa. Alivuta pumzi ya kusema. Neno halikutoka.

Alibaki amesimama, mdomo wazi. Mikono ikamwendea kooni. Benchi likaanguka nyuma yake, chupa ikabiringika mpaka kwenye tope. Macho yalikuwa yamemtoka, yakizunguka kutoka uso hadi uso, na hakuna sauti iliyotoka, wala kikohozi, wala kilio. Mwanamke mmoja kwenye benchi la mwisho alisema kwa sauti ya chini, kama anayesali, "Karuho."

Neno lile liliwapita watu kama upepo. Waliinuka. Mtu mmoja alitema alichokuwa akitafuna. Mwingine alisukuma sahani yake mpaka ikaanguka. Mama mmoja aliingiza kidole mdomoni mwa binti yake amtoe nyama. Na wote, bila kupanga, waligeuka wakamwangalia Euphrasie.

Grégoire aliruka juu ya meza. Alimshika kaka yake kwa nyuma, akamwinamisha, akaanza kumpiga ngumi katikati ya mabega. Moja, ya pili, kwa nguvu zote. Donatien alijaribu kujitoa, akimkwaruza mikono. Kwa mtu aliyeangalia kutoka mbali, ilikuwa ni ndugu anayemmalizia ndugu yake.

"Tika ye," sajenti alisema kwa Kilingala cha kambini, kumwambia amwache. Alikuwa ameshatoa bastola. "Tika ye. Nitapiga."

Grégoire hakusikia, au alisikia. Aliendelea kupiga.

Euphrasie alikuwa kando ya jiko, chuma cha kugeuzia kuni mkononi. Angeweza kubaki pale. Donatien akifa kwenye mikono ya Grégoire, kifo kitakuwa cha Grégoire, na mapolisi watakuja kwa Grégoire. Akijiingiza kati, ataonekana ni mwenzake, waliopanga pamoja, mmoja wa kutia na mmoja wa kumaliza. Na kama Grégoire kweli alikuwa anaua? Angejuaje? Midomo ya Donatien ilikuwa imeanza kupata rangi ya ini. Kisha Euphrasie akaona uso wa Grégoire. Alikuwa analia. Mdomo umekunjamana, kamasi zinamtoka, anapiga na kulia na kusema kitu kile kile tena na tena, na ukisikiliza ilikuwa ni "yaya, yaya, yaya."

Akaangusha chuma, akaingia kati ya bastola na wale wawili.

"Sajenti, hapana. Ni nyama. Imemukwama."

"Toka hapo, maman."

"Sitoke."

"Umetia nini kwenye ile nyama?"

"Kama unapiga, piga mimi. Lakini umuache amalize."

Euphrasie alibana mikono kwenye kitenge. Bastola haikuwa imesogea. Nyuma yake alisikia ngumi nyingine, na nyingine, na miguu ya Donatien ikilegea kwenye tope. Polycarpe alikuwa ameshika shoka la kuni. Alilitupa mbali, kila mtu alione likianguka, akaja akasimama bega kwa bega na Euphrasie, mikono imetanda kama mtu anayezuia mbuzi asitoke zizini.

"Tika ye," sajenti alirudia, lakini safari hii kama anauliza.

Ngumi ikagonga. Kitu kikatoka, kikaruka, kikaangukia kwenye sinia. Halafu ilisikika sauti mbaya sana, sauti ya mlango wenye kutu unaofunguliwa, hewa ikiingia ndani ya Donatien. Ikaingia tena. Akakohoa, akatapika kidogo, akaanguka kwa magoti. Grégoire alianguka pamoja naye, bado amemkumbatia kwa nyuma, hajui kwamba anaweza kumwachia.

Agathe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sajenti alisogea, akainama, akachungulia kwenye sinia. Ulikuwa mfupa mwembamba, umechongoka upande mmoja, na kipande cha mshipa kimeung'ang'ania. Aliuona vizuri. Lakini alikuwa amekwisha kutoa bastola mbele ya watu, na mtu aliyetoa bastola mbele ya watu hapendi kuirudisha hivi hivi.

"Kula," alimwambia Euphrasie. "Ile imebaki. Yote."

Euphrasie aliinua benchi, akalipangusa kwa kitenge, akakaa mezani pa wageni wake. Alianza kula. Nyama ilikuwa imepoa na mafuta yameganda, na kila kipande kilishuka kwa shida kana kwamba naye atakwama. Aliendelea. Agathe alikuja akakaa mbele yake, akachukua ndizi, akala. Halafu Grégoire, abakosti imechanika kwapani, alikaa, akanyoosha mkono, akala pia. Walikula watatu bila kuangaliana, na mtu mwenye bastola amesimama juu yao. Sinia ilipobaki tupu, sajenti alirudisha bastola kiunoni, akarudi kwenye bia yake. Sahani yake ya nyama hakuigusa tena.

Watu waliondoka kimya kimya, mmoja mmoja. Donatien aliinuka, akashika ukuta. Hakumwangalia ndugu yake. Hakusema asante wala laana. Agathe alimshika mkono, akashuka naye njia ya udongo. Grégoire alibaki kwenye benchi mpaka moto ukawa makaa, kisha naye akaenda.

Habari ilishuka sokoni kabla yao. Lakini njiani mfupa ulipotea. Waliosikia walisikia hivi: mtu alikula kwa Euphrasie, akaanguka. Mtu yule aliyesema zamani kwamba alipewa karuho, ameanguka tena, kwa Euphrasie. Askari alimlazimisha mama yule kula mabaki. Kwa nini alimlazimisha, kama hakuna kitu?

Jumatatu mbuzi alining'inia mpaka jioni, nzi wakamjaa. Kesho yake Polycarpe hakuchinja. Alipasua kuni ambazo hazikuhitajika, akazipanga, akazipangua. Wanawake waliokuwa wakimsalimia Euphrasie kisimani sasa walimsalimia wakiwa wamekwisha mpita. Mmoja alifunika ndoo yake kwa majani alipomwona anakuja. Kufunika ndoo ni jambo dogo, lakini Euphrasie alirudi nyumbani akakaa kitandani, akahisi anarudi Walungu, kwenye ua ule ule, mikono mitupu.

Mwisho alivaa kitenge cha misa, akapanda basi dogo la Bagira.

Alimkuta Donatien nyuma ya nyumba, chini ya paa la majani ya migomba, anapiga randa ubao wa mlango. Mke wake alileta kigoda na hakuleta kitu kingine. Donatien alikuwa amevaa kitambaa shingoni. Sauti yake ilikuwa bado ya mikwaruzo.

"Maman. Sikufikiria utakuja."

"Nimekuja. Batu banasema ulianguka kwangu."

"Nilianguka."

"Banasema ni mimi."

Donatien aliendelea kupiga randa. Maranda ya mbao yalijikunja, yakaanguka miguuni mwake.

"Kwa nini hausemi kweli kwa batu?" Euphrasie aliuliza. "Bibi yako hapa, hajui. Ninaona kwa macho yake, hajui."

Mke aliyekuwa anaanika nguo alisimama.

Donatien aliweka randa chini. Alikaa kwenye gogo, akaangalia mikono yake. "Nitakuambia kitu, maman, na usikiseme. Wakati alikuwa ananipiga, mimi nilijua ananiua. Nilisema ndani yangu: ndiyo, leo amekuja kumaliza. Nilimupasua mikono na makucha. Nilitaka kufa nikiwa na nyama yake kwenye kucha zangu." Alipangusa makucha kwenye suruali. "Kisha hewa ikaingia. Na nikasikia mutu ananilia kwenye shingo. Sasa niende kwa batu niseme nini? Miaka yote nimesema yeye ni muuaji. Nianzie wapi?"

"Anzia na mufupa."

"Ni aibu."

"Aibu ni yako," Euphrasie alisema, "lakini inafunga mulango yangu. Mimi sina kiwanja, Papa Donatien. Sina bandugu ba kugombana nao. Niko na lile jiko tu."

"Unipe siku kidogo."

"Mbuzi haina siku kidogo."

Alisimama, akashika njia. Mke wa Donatien alimfuata mpaka barabarani, akasimama naye mpaka basi likafika.

Siku zilipita na Donatien hakuonekana. Euphrasie alianza kuwaza kurudi kwenye ndizi, kando ya njia nyingine, Muhungu labda, mahali hawamjui. Alikwisha mwambia Polycarpe atafute kazi kwingine. Polycarpe alisema atatafuta, na hakutafuta.

Halafu siku ya soko kubwa, saa ambayo njia inajaa watu wenye mizigo kichwani, Donatien alipanda kutoka chini. Mke wake alikuwa nyuma yake, na nyuma yao Agathe. Hakukwenda kwenye benchi la ukutani. Alikaa la mbele, karibu na njia, karibu kabisa na wapita njia.

"Maman, uko na nyama?"

"Niko nayo kidogo."

"Tutakula."

Watu walipunguza mwendo. Mwenye kapu la mihogo alilitua chini, akajifanya anapumzika. Euphrasie alitia chumvi, akaweka nyama motoni. Hakuna aliyemwambia alambe. Alipoleta sinia akashika kisu akate kipande chake, Donatien alimwekea mkono kwenye kisu, akala mwenyewe kwanza. Alitafuna, akameza. Kisha akageukia wale waliosimama, akasema kwa sauti ile ya mikwaruzo:

"Nilikwamwa na mufupa. Sikupewa kitu hapa. Mudogo wangu Grégoire njo alinitolea mufupa."

Mzee mmoja kutoka upande wa njia aliuliza kile ambacho wengine walikuwa wanafikiri. "Na ile bia ya zamani?"

Donatien alifikiri. Agathe alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ya zamani sijue," alisema. "Ya jumapili ile najua."

Hayakuwa maneno ambayo Agathe alitaka, na Grégoire alipoyasikia jioni alikasirika, akasema ni afadhali angenyamaza. Hata hivyo aliyakubali, kwa sababu alikuwa na binti wa kuolewa. Kwa Euphrasie wateja hawakurudi wote siku moja. Walirudi kama maji yanavyorudi bombani: tone, tone, kisha unasikia mlio. Sajenti hakurudi kabisa. Walisema alihamishiwa Kindu.

Wakwe wa Kabare walileta ng'ombe kiangazi. Sherehe ilikuwa kwa Grégoire, na Grégoire mwenyewe alipanda Kadutu kumwomba Euphrasie aje achome nyama uani, mbele ya koo zote mbili. Alikwenda na Polycarpe na wavu wake wa chuma, wakaubeba kwa miguu, kila mmoja upande wake.

Donatien alikuja. Alikuja amevaa koti lile lile, na mfukoni mwake alikuwa na chupa yake mwenyewe ya Primus, ambayo aliifungua kwa meno yake mbele ya wakwe. Ua mzima uliona. Alikaa kwenye kiti cha baba mkubwa, akanywa kidogo, akaiweka chini kati ya miguu yake. Grégoire, aliyekaa pembeni, alitazama mbele, taya limekaza. Muda ulipita. Wakwe walikuwa wakisifu ng'ombe wao kwa maneno marefu ya Kimashi, lugha ya kwao. Kisha Grégoire akanyoosha bilauri yake tupu upande wa kaka yake, bila kugeuza kichwa. Donatien aliitazama bilauri ile. Akainama, akachukua chupa, akammiminia nusu.

Habari ya kiwanja cha Bagira haikuisha siku ile. Waliendelea kuvutana mpaka Agathe aliposimama siku moja na kamba na vigingi akakigawa mwenyewe, na wote wawili wakalalamika kwamba amependelea mwingine. Lakini siku ile ya ng'ombe, Euphrasie hakuwa na nafasi ya kuangalia zaidi. Mama mmoja wa Kabare alikuwa amekuja jikoni kudai kwamba shingo ya mbuzi ni ya shangazi wa bwana harusi na mtu ameshaikata, na kuni za Grégoire zilikuwa mbichi, zinatoa moshi mweupe ambao uliwafanya wakwe wapanguse macho. Alimtuma Polycarpe kwa jirani akaombe kuni kavu, akapiga magoti mbele ya moto, akaanza kupuliza.